Mnufaika Mmoja Aliye Hai

Umma unatangaziwa kwamba wema hautatendwa tena ovyo ovyo. Mtu yeyote anayetaka kulichangia shirika la hisani atasubiri Kamati ya Kuthibitisha Ustahilifu imwambie ni lipi linalostahili. Mimi ndiye katibu wa Kamati hiyo. Nina stashahada ya utawala, mihuri mitatu na watoto wanne, kwa hiyo kazi ya kumtambua aliyekula sukari sikuianza ofisini.

Kabla yetu hali ilikuwa ya kutisha. Mtu alikuwa anaona majirani wanawapelekea wagonjwa maji, anauliza wana upungufu gani, anatoa alichonacho, anaenda zake. Hakuna fomu. Hakuna semina. Mkurugenzi wetu alisema huo si wema, ni pupa.

Tulianza na vigezo. Shirika linalostahili lina bango linalosomeka kutoka barabarani, gari lenye maandishi ubavuni, na vizibao vya rangi moja kwa watumishi wote. Lina dira, na lina dhamira isiyofanana na dira. Lakini kigezo kikuu kilikuwa Kanuni ya Saba, aliyoiandika Mkurugenzi kwa mkono wake: kila chombo kilete mnufaika mmoja aliye hai, afike mwenyewe mbele ya Kamati, apigwe picha akiwa ameshika ubao wenye neno ASANTENI. Ubao utatolewa na Kamati. Chombo kisicho na mnufaika kitanyang'anywa chumba chake katika jengo letu, na chumba hicho kipewe chombo chenye naye.

Mashirika tisa yalifika, na yote tisa yalileta mnufaika. Ilitokea tu kwamba alikuwa mzee mmoja yuleyule, mwenye koti la kahawia lililokosa kifungo cha pili. Jumatatu alikuwa amerudishiwa uwezo wa kuona. Jumanne alikuwa mkulima aliyejengewa uwezo. Jumatano aliletwa kama kijana. Nilimnong'oneza Mkurugenzi kwamba kijana huyu ana mvi hadi masikioni. Akanijibu niandike kwamba dhiki imemzeesha. Nikaandika.

Watu wa ofisini walimpa jina la Mzee Shukrani, maana ubao ule alikuwa anaushika vizuri kuliko mtu yeyote. Siku moja nilimpa kikombe cha chai kwenye ngazi, nikamuuliza kama kweli wote hao wamemsaidia.

"Mwanangu, wananiletea usafiri, soda na fulana," alisema. "Fulana sijawahi kukosa."

"Na macho?"

"Macho yangu mazima tangu nizaliwe. Ninachoumwa ni goti, na wenye miradi ya goti bado hawajatokea."

Ngazi zile zilikuwa zinamtesa. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, na lifti ipo kwenye mchoro wa jengo tu. Aliyemsaidia kupanda alikuwa fundi wa chini, mwanamke anayetengeneza viti vya magurudumu katika stoo ya jengo letu. Alimkatia kipande cha tairi kuukuu, akakivisha ncha ya fimbo ili isiteleze. Hakumpiga picha. Hili sikuliingiza kwenye taarifa, kwa kuwa hakuna safu ya mpira wa fimbo.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya huyo Fundi. Shirika la Kuhamasisha Uhamasishaji lilikuwa limeiomba stoo yake ya kuhifadhia mabango, na lilikuwa na kila kigezo, pamoja na mzee. Ndani ya stoo mlikuwa na viti kumi na vinane vinavyosubiri, na majina ya wenyewe yameandikwa kwa chaki ukutani. Stoo ikienda, hao kumi na wanane wanabaki vitandani kwao. Fundi alipanda akiwa na ovaroli yenye grisi na spana mfukoni. Hakuwa na bango. Dira yake, tulipomwomba, ilikuwa "vitembee". Dhamira ilikuwa hiyohiyo.

"Mnufaika wako yuko wapi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Wameondoka, Mheshimiwa."

"Kwenda wapi?"

"Makazini. Mmoja anashona, mmoja ana duka, mmoja amerudi shule, mmoja anakagua ofisi za watu. Kiti kikishapona, mtu anakuja kukaa kwangu kufanya nini?"

"Kwa hiyo hakuna hata mmoja anayekuhitaji tena?"

"Akinihitaji tena, ujue nilifunga bolti vibaya."

Mkurugenzi alinitazama kama mtu aliyesikia ungamo. Mzee Shukrani, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri shirika la kumi, alinyanyua fimbo na kusema kwamba mpira wake aliutia Fundi, basi yeye mzee aandikwe kuwa mnufaika wake. Alikataliwa papo hapo. Mkurugenzi alieleza kwamba mnufaika huyu ameshatumika mara tisa, na mara ya kumi ingekuwa kurudufu huduma. Fundi alipewa hadi Ijumaa alete mtu mwingine, la sivyo atoe funguo. Aliuliza swali moja tu: je, amwite mtu aache kazi yake ili aje kusema kwamba ana kazi? Tukamjibu ndiyo, ndiyo utaratibu.

Ijumaa hiyohiyo ilikuja na Mkaguzi kutoka makao makuu. Mkurugenzi alitandika kitambaa cheupe, akaweka maua ya plastiki, akaagiza keki. Tulisubiri juu nusu saa. Kisha mlinzi wa lango akapanda, akihema, akasema Mkaguzi amefika kitambo ila hapandi. Mkurugenzi alimwagiza akamwambie kwamba tumeshaandaa. Mlinzi alishuka, akapanda tena, akasema Mkaguzi anaomba Kamati iache kubishana na ngazi, ishuke.

Nilichungulia dirishani. Uani, penye kivuli cha ukuta, alikaa mwanamke wa makamo kwenye kiti cha magurudumu, faili mapajani, akinywa maji.

Tulishuka na meza, kitambaa, keki na kiti cha Mkurugenzi, kile cha ngozi kinachozunguka. Wanaume wanne walikibeba hadi ghorofa ya pili. Kutoka hapo kilishuka chenyewe, kikatangulia kufika, kikiwa kimepoteza gurudumu moja. Mkurugenzi alikikalia hivyohivyo, ameinama kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayetega sikio.

Mkaguzi alikuwa amesoma kanuni zetu zote. Alizisifu kwa urefu. Kisha akauliza mnufaika wa Kamati ni nani.

Mkurugenzi alicheka kwa heshima. Alieleza kwamba sisi ni wathibitishaji, wanufaika ni wa wengine.

"Kanuni ya Saba inasema kila chombo," Mkaguzi alisema. "Kamati si chombo?"

Hapo Mkurugenzi alimtuma mlinzi amlete Mzee Shukrani, aliyekuwa amekaa mlangoni pa stoo, akimshikia Fundi kikopo cha bolti. Mzee alikuja na fimbo yake, akaupokea ubao kwa mazoea. Mkurugenzi akamwomba aeleze Kamati imemsaidia nini.

Mzee alifikiri kwa uaminifu. Sijaona mtu akitafuta jibu kwa bidii namna ile.

"Kamati imenipandisha ngazi mara tisa kwa goti hili," alisema mwishowe. "Lakini nisiwe mchoyo wa fadhila. Mmoja aliyesaidika namjua. Mwaka jana alikuja hapa kwa miguu, viatu vimekula upande, shati limemzidi. Sasa ana gari, ana kiti cha kuzunguka, ana chai ya maziwa mara mbili kwa siku, na shati ndilo linaloomba msaada." Akamnyooshea Mkurugenzi ubao.

"Mimi si mnufaika," Mkurugenzi alisema. "Mimi ni Mkurugenzi."

Mkaguzi alinigeukia. "Katibu, yu hai?"

Nina watoto wanne. Nimewafundisha wote kwamba ukiulizwa, unajibu. "Yu hai, Mheshimiwa."

"Amefika mwenyewe?"

"Amefika."

"Basi kanuni imetimia. Apigwe picha."

Akapigwa, akiwa ameinama kushoto, ubao kifuani. Picha ni nzuri. Mzee alimrekebishia mkono kidogo, maana alikuwa ameziba herufi mbili za mwisho.

Kuhusu Fundi, Mkaguzi hakutaka kuletewa shahidi. Alishika ringi za kiti chake, akazunguka mzunguko mmoja mzima uani, na hatukusikia hata mlio.

"Dada," alimwambia Fundi, "ile beringi uliyonitilia mpaka leo haijalia."

"Ndiyo maana sikukuona tena," Fundi alisema.

Taarifa ya Mkaguzi ilikuwa na mistari mitatu. Stoo ibaki kwa Fundi. Watu wanaotaka kuchangia waje uani waangalie kinachotoka mlangoni. Na kwa kuwa Kamati ina mnufaika mmoja tu, naye amesaidika kiasi cha kutosha, lengo la Kamati limefikiwa kikamilifu. Ifungwe kwa pongezi. Nilipiga mihuri yote mitatu.

Siku hizi ninaandika majina kwa chaki pale stoo. Ubao wa ASANTENI unafaa sana kuzuia magurudumu yasibingirike. Juzi Mkurugenzi wa zamani alikuja akisukuma kile kiti cha ngozi, kinayumba, kinakwaruza sakafu. Alisubiri nimpishe apite mbele. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, fomu zinapatikana wapi.

"Fomu hakuna, baba," nilimwambia. "Kuna foleni."

Nikamwandika wa kumi na tisa, nyuma ya fimbo ya Mzee Shukrani, iliyokuja kubadilishwa mpira.