Sakafu ya Mama Mkwe Yakwama Forodhani

Jumatatu, 3 Juni

Kontena limefika! Ndani yake mna sakafu ya mbao ya mama mkwe, ya ukumbi wake wa mazoezi ya wanawake. Ufunguzi ni Jumamosi na wageni wamekwisha alikwa. Kazi ya kuitoa forodhani kanipa mimi, si mwanyumba wangu. Huyo ni mume wa dada yake mke wangu, naye ni wakala wa forodha kama mimi. Tofauti yetu ni kwamba yeye ana viatu vinavyong'aa, mimi nina akili.

Nimesoma kitabu cha ushuru hadi macho yakaniwasha. Sakafu inatozwa ushuru mkubwa. Plaiwudi, mdogo. Nikachukua kipande kimoja cha sampuli zilizotumwa na kiwanda, nikakitazama ubavuni. Tabaka juu ya tabaka, gundi katikati. Na plaiwudi ni nini? Tabaka juu ya tabaka, gundi katikati! Nimeandika plaiwudi.

Mwanyumba kanipigia simu kunishauri niandike sakafu. Wivu tu. Mke wangu akauliza, kwani ni nini hasa? Nikamjibu inategemea. Akauliza inategemea nini. Ukoo ule hawajui kuacha jambo lipite.

Jumanne, 4 Juni

Mzigo umesimamishwa. Ukaguzi!

Afisa ni mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba. Pale bohari wanamwita Bi Polepole, kwa kuwa hana haraka na mtu. Akafungua bunda, akapapasa ubao. Akataka kujua kwa nini upande mmoja una ulimi na upande wa pili una mfereji. Nikasema ni urembo. Akachukua ubao mwingine, akausogeza. Kak! Zikashikana kama ndugu waliopoteana. Nikasema sadfa. Akachukua wa tatu. Kak!

"Sadfa zako zina ukoo, bwana wakala," akasema.

Nikazivuta mbao zile niziachanishe, aone kuwa si kitu. Nikavuta, nikavuta, nikaanguka chali juu ya mizani. Karani wa mizani akaniandika kama mzigo.

Nimepewa hadi Ijumaa nilete maelezo, la sivyo afisa ataandika kwamba nimedanganya, na leseni yangu itakwenda na maji. Sitishiki.

Jumatano, 5 Juni

Nimeamka na wazo. Rafu!

Nikampelekea fundi seremala sampuli zote zilizobaki, nikamwambia aunde rafu. Akauliza mbona hizi ni za sakafu. Nikamwambia apige misumari, anyamaze. Kabla ya saa sita niko mbele ya Bi Polepole na rafu yangu, namweleza kwamba bidhaa hii ni samani, bado tu haijaundwa. Akaizunguka. Akaisifu. Kisha akanieleza kwa upole kuwa ushuru wa samani unazidi ule wa sakafu.

Nikaikana rafu papo hapo. Nikasema ni plaiwudi iliyosimama.

Mlangoni nikakutana na mwanyumba, kazi zake zimekwisha. Akaniuliza kama nataka anisaidie kuibeba. Thubutu! Nimeibeba mwenyewe hadi nyumbani. Imeniparuza sikio.

Alhamisi, 6 Juni

Akili ni nywele, na zangu ni nyingi. Plaiwudi ikilowa hubanduka. Nikiwa na ubao uliobanduka, afisa atakiri mwenyewe. Nikang'oa ubao mmoja kwenye rafu, nikauzamisha katika beseni kubwa la kufulia. Mke wangu akauliza sare za watoto zifuliwe wapi. Nikamwomba asubiri, sayansi haina haraka.

Haukubanduka. Umevimba tu, kama shavu lenye jino bovu. Nikaupeleka hivyo hivyo.

Bi Polepole akaunusa. Akauliza, je, kontena limeingia maji? Nikanyamaza nipate kufikiri. Kosa! Akauandika ukimya wangu kuwa ndiyo. Sasa mzigo wote utafunguliwa ubao kwa ubao, wiki ijayo. Wiki ijayo, na ufunguzi ni keshokutwa!

Nimerudi kwa miguu. Sikula. Mama mkwe kapiga simu kuuliza mambo yanakwendaje. Nimemwambia yanakwenda.

Ijumaa, 7 Juni

Mke wangu kamwambia mama yake kila kitu. Asubuhi nimemkuta mama mkwe forodhani, na nyuma yake mwanyumba. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe hakunitazama. Alimwendea afisa moja kwa moja.

"Mwanangu, hii ni sakafu. Nimeiagiza niikanyage. Aliyeiita jina jingine ni mkwe wangu, na huyu hata majina ya watoto wake huyachanganya."

Bi Polepole akacheka. Sikujua kuwa anaweza.

Kisha mwanyumba akasema. Nilingoja anizamishe. Badala yake akasema nilikuwa nahangaika nimpunguzie mama gharama, akaomba niruhusiwe kurekebisha maelezo kabla uamuzi haujaandikwa. Kuhusu maji, akampigia simu mke wangu na kumpa afisa asikilize habari za beseni. Afisa akaisogeza simu mbali na sikio. Mabunda kadhaa yakafunguliwa pale pale. Makavu.

Nikaandika sakafu kwa mkono wangu. Ushuru wote umelipwa, na faini juu. Leseni imesalimika. Lori limetoka kabla ya geti kufungwa.

Nilitaka kumshukuru mwanyumba. Nikamwambia viatu vyake vina vumbi. Akainama, akavifuta, akanipiga bega.

Jumamosi, 8 Juni

Mafundi walianza alfajiri, wakamaliza wageni wakiwa mlangoni. Mama mkwe akavua viatu, akaruka wa kwanza. Kwenye saruji magoti yake yalikuwa yakimliza. Leo ameruka tena na tena, kisha akalia kwa furaha. Hata mimi kitu kiliniingia jichoni.

Katika shukrani alimtaja mwanyumba, afisa, mafundi, hata dereva wa lori. Mwisho akanisimamisha mimi. "Na huyu pia ni wetu," akasema. Watu wakapiga makofi.

Nimeapa. Kuanzia leo kila kitu nitakiita kwa jina lake.

Jumapili, 9 Juni

Kinyozi wa mtaani kanijia. Ameagiza viti vya kunyolea, na ushuru wa viti unamtoa jasho. Nimekwenda kukalia kile alichonacho dukani. Kinapanda. Kinashuka. Kinazunguka, na mtu yuko juu!

Sasa, kitu kinachonyanyua uzito, kikaushusha na kuuzungusha kinaitwaje? Kreni! Na kreni, nimeangalia mara mbili, hazitozwi ushuru kabisa.

Nimemwambia kinyozi alale usingizi. Kesho forodha wakifungua mlango, wa kwanza ni mimi.