Pipa la Moshi na Leso ya Mama Mkwe

Sogeeni karibu, enyi mlioketi na enyi mnaotafuta pa kuketi, nanyi mlio na chungu jikoni punguzeni moto mje, kwa maana haya ninayotaka kuwahadithia hayakuchongwa juu ya jiwe wala kupigwa muhuri juu ya shaba, na nisipoyasema leo yatapotea kama mvuke wa birika. Nawe moshi, mwana wa moto usiye na mfupa, upenyaye pasipo mlango na uingiaye machoni mwa mkubwa na mdogo bila upendeleo, nisaidie nisimulie sawasawa, nisitie chumvi ila pale nyama inapoitaka.

Palikuwa na fundi wa saa, Mshika Kibano, mfufuaji wa saa zilizokata roho, mtu ambaye angeweza kuinama juu ya meza yake tangu asubuhi, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, akisubiri gurudumu dogo kuliko punje ya mtama likubali kukaa mahali pake. Subira yake ilisifiwa mtaa mzima. Lakini subira hiyo ilikuwa ya mezani tu. Mbele ya moto iliyeyuka kama siagi. Alipomwandalia mama mkwe wake nyama mara ya mwisho, aliichoma kwa papara, ndimi za moto zikaishambulia kwa pande zote, ikatoka nyeusi nje, mbichi ndani, na ngumu kama soli ya buti.

Mama mkwe alikuwa mjane mpole ambaye meno yake mengi yalikwisha kustaafu. Alikitafuna kipande chake kwa adabu, akasifu chumvi, akasifu hata sahani. Kisha chini ya meza akakunjua leso yenye maua ya zambarau, akakifunga humo kipande kilichobaki, akakitia mkobani ili asimwaibishe mkwewe. Hakuna aliyeona ila Mshika Kibano peke yake, aliyekuwa ameinama kuokota kijiko. Hakumwambia mtu. Lakini tangu siku ile, kila alipofungua mgongo wa saa, humo ndani aliiona leso.

Basi habari ilipofika kwamba Mama anakuja tena Jumapili, shujaa wetu alisimama katikati ya jiko, kibano mkononi kama mkuki, akanena:

“Sikia, mke wangu, na masufuria haya yawe mashahidi. Sitamlisha Mama nyama iliyopigana na moto. Nitaitafutia moshi, moshi wa polepole, uizunguke na kuibembeleza mpaka mwenye meno na asiye na meno wale sawa.”

Mkewe, Bibi wa Vitunguu, hakuinua macho kutoka kwenye ubao wake. “Si uichemshe tu, baba?”

Neno hilo lilimwingia kuliko kisu. Akavaa viatu.

Kwanza alifika katika duka lenye vioo, ambako lilisimama jiko la moshi la umeme, lenye mlango wa kioo na taa za rangi, likimeremeta kama bwana harusi. Mshika Kibano akalizunguka. Akaligonga ubavu, akasikiliza. Akafungua mlango, akaufunga, akaufungua. Kisha akaomba kwa upole aruhusiwe kuwasha gazeti ndani yake, apate kuona moshi unatokea wapi. Muuzaji akamwonyesha njia ya kutokea yeye. Hatumlaumu muuzaji, alikuwa na duka la kulinda, na shujaa alikuwa tayari na kiberiti mkononi.

Kutoka hapo akashuka mpaka kwa fundi wa kuchomelea, mahali penye cheche na kelele, ambapo mapipa ya chuma yalikuwa yamejipanga ukutani kama askari wanaosubiri amri. Aliyakagua yote. Moja lilikuwa na kutu, jingine limebonyea, na la tatu lilimkohoza alipolikaribia tu. Mbele ya la nne alisimama kwa muda mrefu, kisha akainama, akatia kichwa ndani mpaka mabegani, akanusa.

“Pipa hili,” ikatoka sauti yake kama ya mfalme aliyezikwa, “lilibeba nini enzi za uhai wake?”

“Mafuta ya kula.”

“Waapa?”

“Mzee, toka kwanza humo. Wateja wananiangalia.”

Hakutoka mpaka alipolamba kidole na kuridhika. Gazeti likawashwa, na moshi ukafichua hila zake: ulivuja kwenye ukingo wa kifuniko na chini ya bawaba. Fundi wa kuchomelea akaongeza utepe wa chuma, akatoboa tundu la hewa chini, akasimika bomba juu, akaweka wavu katikati. Ndipo pipa likapanda mkokoteni, likapita barabara kuu na Mshika Kibano akitembea kando yake, mkono mmoja ubavuni mwake kama mtu anayemsindikiza malkia. Watu wawili walimwuliza mafuta ya taa anauza bei gani. 

Lakini pipa bila kuni njema ni ngome bila jeshi. Seremala wa mtaa wa pili, mtu mkarimu, alimpa gunia zima la maranda bure. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kupeleka jeshi vitani bila kulijaribu, Mshika Kibano alibanika kipande kimoja kidogo, akampelekea mkewe.

Bibi wa Vitunguu alitafuna, akatua, akatafuna tena.

“Baba watoto,” akasema bila ubaya, “nikifumba macho naona kabati jipya. Nasikia hata hanga za nguo zikigongana.”

Fundi akachukua kioo chake, akayachunguza maranda. Ukweli ulikuwa humo: matabaka membamba ya plaiwudi, gundi katikati yake, na chembe za vanishi ziking'aa kama macho ya adui kichakani. Gunia likarudi kwa seremala kwa shukrani. Akaenda kumwuliza muuza nyama, naye, huku akipangusa kisu, akamwambia atafute mti wa matunda uliokauka vizuri. Mpera, kwa mfano. Mpera hauna mpinzani.

Hapo moyo wa shujaa ukashuka mpaka kwenye soksi. Mtaani pao palikuwa na mpera mmoja tu, nao ulikuwa wa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mkunga mstaafu, mwanamke aliyewapokea watoto wa fundi duniani kabla ya Vita vya Majani. Vita hivyo mtaa uliviona. Matawi ya mpera yalivuka ukuta, majani yakaziba mfereji wa paa la fundi, fundi akalalamika asubuhi na jioni mpaka mkunga akayakata, kimyakimya, kwa msumeno wake mwenyewe. Tangu hapo walisalimiana kama watu waliokutana kwenye lifti.

Jumamosi mchana alibisha hodi kwake. Mkunga alikuwa barazani na ungo wa mchele mapajani. Fundi akavua kofia.

“Mama Mkunga, mlinzi wa mpera, mwenye mikono iliyoipokea nyumba yangu yote. Nimekuja bila silaha, na kama ziko kumbukumbu chungu baina yetu, naomba—”

“Fundi, unataka kitu. Sema.”

“Matawi.”

“Matawi yapi?”

Akatazama viatu vyake. “Yale niliyosema yakatwe.”

Mkunga alicheka mpaka mchele ukamwagika. Alipopata pumzi alimwuliza ya nini, na fundi, ambaye alikuwa amekuja na hotuba nyingine tatu tayari, akajikuta amemweleza habari ya leso, kwa maneno machache, bila mapambo. Mkunga alikuwa mtu wa kwanza kuisikia. Kicheko kikafutika usoni mwake. Akainuka, akampeleka nyuma ya nyumba, ambako matawi yalilala yamerundikwa ukutani, makavu, safi, yakilia kama mifupa yalipogongana.

“Nilitaka kuyachoma,” akasema mkunga. “Lakini kila nikiyaona nilikuwa nakukasirikia upya, nikaona yana faida. Anza na yale ya chini. Na majani yakianguka tena?”

“Nitafagia mwenyewe. Ya kwangu na ya kwako.”

Jumapili, kabla jogoo hajamaliza kauli yake ya kwanza, vipande vya mpera vilivyokatwa kama vidole gumba vililala juu ya makaa, na moshi mwembamba wa buluu ukapanda bombani. Hapo ndipo vilipokuja vita vilivyo vikubwa kuliko vyote. Tamaa ya kufunua kifuniko ilimjia Mshika Kibano wimbi baada ya wimbi. Tamaa ya kuchochea ilimjia kutoka nyuma. Mara moja mkono wake ulifika kwenye mpini. Ndipo akavaa kioo chake jichoni, akavuta kigoda, akakaa mbele ya pipa kama mtu aliye mbele ya saa iliyofunguka, akangoja.

Mchana, mezani, Mama mkwe alikula. Hakusifu chumvi, hakusifu sahani. Mkunga, aliyealikwa, alikula kando yake. Kisha fundi akaona mkono mwembamba ukishuka chini ya meza, na maua ya zambarau yakichungulia mkobani. Moyo wake ukasimama kama saa iliyoingia maji.

Mama akamtazama. Akaitoa leso, akaikunjua juu ya meza, mbele ya wote, akaweka vipande viwili vya nyama, akapiga fundo, akapiga jingine juu yake.

“Cha mara ile nilimpa mbwa, mwanangu,” akasema taratibu. “Hivi ni vyangu, vya kesho na chai. Mbwa asinisogelee.”

Bibi wa Vitunguu akauliza cha mara ile kipi. Mama akaitia leso mkobani.

Na ijulikane, basi, kwa walio hai na kwa watakaozaliwa, kwamba siku ile leso ilifungwa mafundo mawili, na hakuna ngome iliyowahi kufungwa kwa heshima kuliko hiyo. Naye mshindi, sahani zilipoondolewa, hakuomba shada wala ngoma. Alichukua ufagio, akavuka kwa jirani, akaanza na majani yaliyokuwa chini ya mpera.