Vidude Vyangu Viwili na Futi Kamba ya Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Nimenunua vidude viwili vya kupimia umbali. Mmoja anasimama hapa na hiki, mwingine kule na kile, vinatumiana mawimbi ya redio, namba inatokea kwenye kioo. Gharib, mwenye duka pale Kayanga, kaniambia kwanza niviweke pamoja. Visiposoma sifuri, kosa hilo nilipunguze katika kila kipimo. Nimeviweka pamoja mezani. Mita moja na sentimita arobaini! Nimefikiri sana, nikaelewa: mawimbi yanaanzia ndani kabisa, na ndani ya kitu cha kisasa ni mbali. Mke wangu Kemirembe kasema sasa anajua kwa nini hata tukikaa mkeka mmoja simsikii. Hana elimu ya mawimbi.

Shabaha: kamati ya maji ya Ihembe inataka kupimiwa njia ya bomba, kutoka chemchemi hadi kwa mwenyekiti, Mzee Apolinary. Kazi za kupima miaka yote hupewa Mwalimu Celestina, mstaafu, na futi kamba yake. Miaka yote! Safari hii lazima iwe zamu yangu.

Jumatano, 5 Machi

Celestina kapima jana. Mita mia sita kamili. Leo nimepima mimi, Kemirembe akishika kidude cha pili, mita thelathini thelathini, katikati ya vibanja vya migomba vya watu. Mvua ilikuwa imenyesha, migomba inachuruzika. Mita mia sita arobaini na moja! Nimempigia Gharib kujisifu. Kasema migomba iliyojaa maji inayachelewesha mawimbi, umbali unaonekana mrefu kuliko ulivyo, nikapime penye uwazi. Nimemjibu kwamba bomba halitapita angani. Litapita migombani, na migombani ndiko nilikopima. Akakata simu. Nimeshinda.

Alhamisi, 6 Machi

Celestina kadai tupimane hadharani, uwanja wa mpira wa shule. Watu wamejaa. Nimemwamkia shikamoo kwa upole wa mshindi. Kipimo chake: mita mia moja. Changu: mia moja na moja na sentimita arobaini. Akawageukia watu, akasema kosa ni lile lile la mezani, halijasogea hata kidogo. La mezani! Kumbe Kemirembe kamsimulia! Nimeoa mpelelezi. Nikauliza nani aliupima uwanja huu ulipochorwa. Celestina. Kwa kamba ipi? Hiyo hiyo. Basi, nikasema, uwanja wetu umezidi urefu! Makofi! Timu iliyofungwa mabao manne pale mwaka jana ndiyo iliyopiga zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Kikao cha kamati. Mzee Apolinary kasema mabomba yakipungua wananchi watamla mzima mzima, kwa hiyo yaagizwe kwa namba kubwa. Namba kubwa ni yangu! Mpimaji rasmi ni mimi! Wakati wa kutoka, Bibi Benadeta, anayekaa nyuma ya kwa mwenyekiti, kaniomba nimpimie na yeye, bomba lifike kwake. Magoti yake yamechoka kushuka bondeni na ndoo. Lakini kamati imekwishasema bomba linaishia kwa mwenyekiti. Nikamwambia mashine haisikilizi maombi. Kila mtu alicheka. Sijui kwa nini nimekosa hamu ya kula.

Jumamosi, 22 Machi

Maji yametoka kwa mwenyekiti! Vigelegele! Kisha Celestina akaona mabomba saba yamelala nyasini. Ya mita sita sita. Akayahesabu mara mbili, akanitazama. Wote wakanitazama. Nikaangalia njia ya kukimbilia, nikaikuta imechimbwa mtaro. Basi mdomo wangu ukasema wenyewe: hayo saba niliyapima makusudi, ni ya Bibi Benadeta. Celestina akatandika futi kamba yake hadi mlangoni kwa bibi. Mita arobaini na moja. Mabomba saba ni arobaini na mbili!

Majembe yakarudi kazini. Kufika saa kumi jioni maji yanamwagika uani kwa bibi. Akanawa uso, akanishika mikono yote miwili, akalia. Nami nikalia, na sioni haya kuandika. Nikabebwa juu juu kijiji kizima. Celestina naye alipiga makofi. Kila ninavyokumbuka, naona kweli niliyapima makusudi.

Jumapili, 23 Machi

Baada ya ibada Celestina kanipa karatasi: kila kipimo nipunguze mita moja na sentimita arobaini, na nikae mbali na migomba. Nimemshukuru kwa heshima. Nimeamua kuongeza mita moja na sentimita arobaini. Kupunguza hakujampa mtu maji.

Sifa zimefika hadi kijiji cha Kanoni! Ndugu wawili wananiita kesho. Wanagombania mpaka wa kibanja cha marehemu baba yao, wameshaoneshana mapanga. Kazi rahisi. Nitampimia kila mmoja kutoka upande wake, migombani, mvua ikiisha tu. Kila mmoja atapata zaidi ya alichonacho. Nashangaa baraza la ardhi halikuliona hili mapema.