Moshi wa Jikoni kwa Kasereka

Mwaka ule Bunia ilibadilisha wakubwa kama bwana harusi anavyobadilisha mashati, na kila mkubwa aliyeingia alikuta mambo mawili yako palepale: wachimbaji wanaleta dhahabu, na Honoré anatafuta mjinga.

Asubuhi ile Honoré alikuwa na unga wa shaba mfukoni. Alikuwa ameusugua kwa tupa kutoka maganda ya risasi aliyookota barabarani, na ukiutazama haraka, hasa ukiwa na tamaa, uling'aa kama dhahabu. Tusimlaumu. Wengine risasi ziliwapa makaburi. Yeye alizitaka zimpe chakula cha mchana.

Aliingia kwa Kasereka, mnunuzi wa dhahabu kutoka Butembo, mtu wa suruali moja na masanduku matatu ya chuma. Dukani hapakuwa na mtu. Honoré, ambaye hajapata kuona mlango ulio wazi bila kuuonea huruma, akachungulia jikoni.

Kasereka alikuwa amechuchumaa mbele ya mbabula, jiko dogo la makaa, akichoma donge la kijivu kwenye kikaango. Wachimbaji hukamata dhahabu kwa zebaki, wenyewe huiita mercure. Viwili hivyo vikishakumbatiana, ni moto tu unaoviachanisha: zebaki hupanda ikawa moshi, dhahabu hubaki chini. Uani Kasereka hakuthubutu kuchoma, maana uani kulikuwa na macho, na macho ya mwaka ule yalitembea na bunduki. Kwa hiyo alichoma jikoni, dirisha limefungwa, na pembeni maharagwe yakichemka bila kifuniko.

Mlangoni alisimama mkewe, Musoki, kitenge kimoja tumboni, kingine puani. Tumbo lilikuwa la miezi minne.

“Nilikuambia, bwana yangu. Angélique, infirmière wa kliniki, alisema huo moshi unaingia mu damu ya mama, unafika kwa mutoto. Batatu bamekwisha kutoka. Na huyu wa ine?”

“Angélique! Alishanunua dhahabu lini? Baba yangu alichoma mercure miaka makumi mbili.”

“Na mikono yake ikatetemeka mpaka tukamulisha na kijiko.”

“Ile ilikuwa uzee!”

“Alikuwa na miaka makumi ine na tano.”

Kasereka alitaka kujibu, lakini koleo ilikuwa inagongagonga kikaango mkononi mwake, taratibu, bila yeye kutaka. Akaishika kwa mikono miwili.

“Mimba zinatoka sababu ya mujomba yangu wa Butembo,” akasema. “Yule mulozi. Nikipata mutu wa kumufunga, nitamupa kile atasema.”

Honoré akaurudisha ule unga ndani kabisa ya mfuko, kwa heshima, kama mtu anayeficha kisu baada ya kuokota bunduki. Akatoka kwa ncha za vidole.

Siku mbili baadaye alirudi kama docteur Honoré. Vita ilikuwa imewafukuza madaktari na kuacha makoti yao sokoni. Koti jeupe lilipatikana kwa bei ya kuku mgonjwa. Mkononi alishika redio ya mawasiliano iliyoibwa katika ofisi fulani ya msaada, yenye antena ndefu na betri inayokata roho. Kila dakika mbili ilitoa kilio: tiii!

“Mashine imenileta yenyewe,” akasema. “Hapa kuna mutu mwenye kufunga uzazi. Mwanaume. Wa familia.”

Tiii!

“Mujomba!” Kasereka akapiga kelele.

“Usinitajie. Niachie mashine.” Honoré akainama, akasikiliza. “Mujomba,” akakubali.

Kasereka akakaa chini. Docteur akaeleza kwamba ulozi umejificha ndani ya dhahabu. Sharti dhahabu ukubwa wa yai ishonwe katika kitambaa, na yeye docteur aivushe mto Shari kwa mkono wake. Yeyote atakayeifungua kabla ya kuvuka, uzazi wake utafungwa mpaka kiama. Sharti hili la mwisho lilimpendeza Honoré kuliko yote. Lilikuwa kufuli, na kufuli inazuia mwenye mali kuikagua mali yake.

“Yai la njiwa?” Kasereka akauliza.

“La kuku.”

“Docteur, kuna na kuku wadogo…”

Tiii!

“Umesikia mwenyewe,” Honoré akasema kwa huzuni.

Musoki akamsindikiza mgeni mpaka kwenye lango. Pale akasema bila kupandisha sauti:

“Hiyo mashine inalia juu betri inaisha. Kaka yangu alikuwa mulinzi ku biro ya msaada yenyewe. Alikuwa anaichaji kila jioni.”

Honoré akapima kwa jicho urefu wa barabara.

“Usikimbie, docteur. Miye natafuta mwongo. Ukweli nimeuleta mu hii nyumba mara tatu, haukupewa hata kiti. Weye umekuja leo tu, umepewa kiti na chai.” Akaweka mkono tumboni. “Huyu mutoto hana siku za kungoja baba yake apate akili. Danganya kwa ajili yangu. Sema ulozi unaingia na moshi. Moto utoke jikoni, uende mbali, kwenye upepo, kusiko na watu. Sufuria zote zitupwe. Udongo wa chini ukwanguliwe. Na yeye aoge, abadilishe nguo, ndiyo aniguse.”

“Na yai langu?”

“Nitalishona miye mwenyewe.”

Honoré akatembea kurudi kwake akipiga mluzi. Katika maisha yake alikuwa amewadanganya mapadri, makapteni na mganga mmoja, lakini hakuwahi kusaidiwa na mke wa aliyedanganywa. Kuhusu ule moshi hakuamini neno. Aliona ni mambo ya wanawake na mainfirmière, watu wanaoogopa hata maji yasiyochemshwa.

Ulozi mkubwa unadai shairi, na Honoré akatunga. Mistari mitatu ilimjia, wa nne ukamgomea. Siku ya tambiko akasimama katikati ya jiko, akaunyosha mkono:

“Moshi, toka kwenye nyumba,
mama huyu ana mimba,
dhahabu wanayochimba…”

Akakwama.

“…isichomewe jikoni,” Musoki akamalizia kutoka mlangoni, macho chini, kama mtu anayesali.

“Roho imesema kwa kinywa chake!” Honoré akadaka.

Kasereka akatii. Mtu aliyekataa kufungua dirisha kwa maneno ya muuguzi alibomoa jiko zima kwa maneno ya redio mbovu. Akakwangua udongo, akaufukia mbali na kisima. Mbabula akaihamishia kwenye tanuri la matofali lililoachwa, nyuma ya mji, mahali ambapo hata mbuzi hawafiki. Dhahabu ya docteur hakuililia sana, alizililia sufuria.

“Hata hii ya Uganda? Iko mupya!”

“Hasa hiyo,” akasema Honoré, kwa sababu Musoki alikuwa amekohoa.

Jumamosi Musoki akaleta kifurushi kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, uzi juu ya uzi. Honoré akakipokea, mkono ukashuka wenyewe. Kizito! Tumbo lake likacheka. Alikuwa amepanga kukifungua kwenye kona ya kwanza, lakini Kasereka akatokea na baiskeli.

“Panda nyuma, docteur. Nitakufikisha ku daraja.”

“Si lazima, muzee.”

“Njia iko mubaya. Na miye ninataka kuona mujomba anavuka.”

Njia nzima Kasereka alikanyaga pedali huku shingo imegeukia nyuma.

“Docteur, kidole! Usiguse uzi! Uzazi yako!”

Kufuli ilikuwa imemfungia fundi wake ndani. Darajani Kasereka akamshika mikono yote miwili, akalia kidogo, akageuza baiskeli. Honoré akavuka, akajitupa nyuma ya kichaka, akakata uzi kwa meno.

Ndani kulikuwa na donge la kijivu. Kidole kilizama ndani yake kama kwenye ugali. Chini yake, karatasi:

“Docteur, nimekulipa. Dhahabu iko ndani, sawa punje tatu za muchele. Ingine yote ni mercure. Ukitaka kuitoa, choma. Lakini chagua muzuri fasi ya kuvutia pumuzi, maana na weye siku moja utataka batoto. Musoki.”

Honoré akamtukana vizuri sana, kisha akatembea mpaka kituo cha mbele, kwa mnunuzi mmoja aitwaye Athanase.

“Hatupimi kijivu,” akasema Athanase. “Choma kwanza, halafu tunaona. Mbabula iko jikoni.”

Jikoni mke wa Athanase alikuwa anapepea makaa. Mgongoni alibeba mtoto mchanga, mdomo wazi, amelala. Honoré akaliweka donge kwenye kikaango. Akakumbuka koleo inayogongagonga kikaango. Akaliondoa.

“Mama, toka hapa na mutoto. Huu moshi ni mubaya.”

Athanase akacheka kutoka dukani. “Nani alikuambia?”

“Infirmière.”

“Aaa! Kwani weye ni docteur?”

“Hapana,” akasema Honoré, na tunaapa kwamba lilikuwa jibu lake la kwanza la kweli tangu ubatizo.

“Basi choma, acha kelele.”

Mama akapepea. Mtoto akapiga chafya. Honoré akatazama makaa, akatazama mtoto, akaona aibu isiyo na mazoea naye. Ndipo akafungua mfuko, akavaa koti jeupe kifungo kwa kifungo, akanyosha antena.

“Nilikuwa ninakupima,” akasema kwa sauti nzito. “Mashine imenileta yenyewe. Hapa kuna mujomba…”

Tiii! Betri ikakata roho palepale, lakini kilio kimoja kilitosha. Athanase akaja mbio akiwa amevua kofia. Kabla ya jua kuchwa mbabula ilikuwa nje, mbali, upande upepo unakokwenda. Honoré hakulipwa hata ndizi, na zile punje zake tatu za dhahabu aliziuza, akazila kwa siku mbili.

Mkono wa Kasereka haukuacha kutetemeka. Alichokwisha kuvuta hakikurudi. Lakini Musoki alifikisha miezi tisa. Alizaa msichana mwenye kelele kuliko redio, na baba mtu, akilia kama kule darajani, akambatiza jina la docteur aliyemvusha mjomba mto Shari.

Honorine. Hajapata kulala karibu na mbabula.