Kupinga Kurudishwa Kidato cha Tatu Ilhali Nimepika VPN kwa Mikono Yangu

Kitale,
Ijumaa asubuhi.

Kwa Senge Rosaline, dada wa baba na mwenye agroveti mbili za mbegu na dawa za shamba,

KUH: KURUDISHWA SHULE BILA MAKOSA

Salamu za heshima zitangulie, hasira zifuate. Ulisema agroveti ya Kitale na ya Bungoma zikionana kwenye kompyuta kufikia leo, nitabaki fundi wako. Zisipoonana, narudi shule. Zimeonana tangu jana! Lakini nasikia ushaniombea nafasi kwa Mwalimu Gicheru wa kompyuta. Senge, ni haki hiyo?

1. Ulimwambia binti yako Joan ati mimi nabonyezabonyeza tu. Kompyuta zako ni za zamani sana, Linux inayoziendesha haikuja na VPN, ile njia ya siri ya kupitisha habari za stoo bila majirani kuchungulia. Ilibidi nitoe kodi mbichi, yaani maandishi ya programu, kwa mtandao niipike mwenyewe. Niliandika "make", mashine ikatema maandishi kurasa kwa kurasa, feni ikalia kama mashine ya kusaga posho. Mimi nakunywa chai tu.

2. Mara ya kwanza kernel, kiini cha hiyo Linux, iliikataa. Moduli, yaani kipande cha programu, iliyojengewa kernel moja haiingii kwa nyingine. Wewe Mbukusu unaelewa marika ya tohara: mtu wa rika la Chuma hawezi kujiketisha tu na Maina. Nikatafuta faili zinazolingana na kernel yetu kabisa, nikaanza upya, ikaingia kimya. Mwalimu Gicheru anaweza hiyo? Muulize polepole, asiaibike.

3. Nikatuma salamu Bungoma. Ikajibu kabla sijainua kidole! Wewe mwenyewe ukipigiwa simu hujibu hivyo, bana.

4. Kwa hivyo kunirudisha ni hatari kwa shule yenyewe. Nitafundishwaje kompyuta na mtu anayezima yake kwa kung'oa waya? Afadhali Mwalimu aje agroveti, aketi kwa gunia la mbegu, nimfundishe. Wanafunzi watamfuata. Shule ifungwe, uwanja tuupande mahindi.

5. Kuanzia leo niitwe Injinia, hata ukiwa umekasirika. Hasa ukiwa umekasirika.

Nisalimie nyanya yetu Kukhu, wateja wote, na yule mzee wa Malakisi anayeuliza dawa ya tumbaku kila siku na hanunui.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako asiyeenda mahali,
Inj. Wekoye.

N.B. Joan amenipigia sasa hivi kutoka Bungoma, anacheka hadi anakohoa. Kompyuta ya Bungoma haijawashwa tangu Jumatatu; stima ilipotea na itarudi kesho. Kumbe nilifungua madirisha mawili kwa hii ya Kitale, nikadhani moja ni la huko. Nilikuwa najisalimia, najijibu. Senge, Mwalimu Gicheru anataka nifike saa ngapi? Na suruali ya sare iwe ndefu kidogo, bado nakua.