Kitambaa cha Mama Mkwe Juu ya Televisheni

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mkwe, na leso ya mke wangu bado ninayo kiunoni.

Baba mkwe wangu, Mzee Jilo, amekuja mchana kutoka Idsowe kutazama mpira kwetu hapa Garsen. Tangu nimuoe binti yake ananiona mtu wa maneno mengi. (Hakukosea.) Nikasema leo ndiyo leo, atajua bintiye ameolewa na mjuzi.

Nikawasha televisheni kwa betri ya gari. Sauti ilikufa zamani, kwa hiyo mtangazaji ni mimi. Shida ilikuwa kitambaa. Mke wangu alikitandika juu ya televisheni kwa heshima ya mgeni, ncha yake ikaning'inia na kufunika ile pembe ya juu wanapoandika mabao, dakika, na ile herufi ya kuonyesha kwamba sasa wanarudia. Nikanyoosha mkono nikiondoe.

"Hicho alikifuma mama mkwe wako," akasema Mzee Jilo. "Miezi miwili."

Nikarudisha mkono. Nikasema mjuzi wa mpira hahitaji maandishi.

Jirani yetu Mzee Wario, mfugaji, akasema wenye jezi nyeusi watashinda. Mimi nikaapa mbele ya wote: weupe wakishindwa, najifunga leso niwapikie chai mwenyewe.

"Tumesikia," akasema mkwe.

Kabla ya mapumziko weupe wakafunga. Bao! Mara wakafunga tena, safari hii nikaliona kutoka upande wa pili. La pili! Kisha la tatu, kutoka nyuma ya wavu. Mkwe akanipa mkono. (Mkono wa mkwe, jamani. Nimeusubiri miaka minne.)

"Mwalimu," akaniambia Mzee Wario, "iyo bao ni moja. Ile kijana soksi yake meanguka guu moja, mepita hapa mara tatu. Ng'ombe yako ikipita mlangoni mara tatu, wewe nahesabu tatu?"

"Mzee, ng'ombe ni ng'ombe, mpira ni mpira."

Kipindi cha pili weusi wakafunga mawili. Kila yalipoonyeshwa tena nilisema bila haya, "Hayo ni marudio." (Macho ya shabiki.) Filimbi ya mwisho ikapulizwa, nikatangaza tatu kwa mbili. Lakini weusi walikuwa wanarukaruka, na weupe wamelala kwenye nyasi wanalia.

"Mbona washindi wanalia?" akauliza mkwe.

"Furaha, baba."

Akanyanyuka taratibu, akaishika ncha ya kitambaa cha mkewe kwa vidole viwili, akaifunua. Moja kwa mbili.

Kisha akamgeukia binti yake. "Mwanangu, mletee mumeo leso."

Nimepika. Moshi umenitoa machozi, majirani wamejaa mlangoni, mke wangu amecheka mpaka akakaa chini. Mzee Wario amekunywa vikombe vitatu. Nilipomwambia sukari inakwisha, akajibu kwamba amekunywa kimoja tu, vile viwili ni marudio.

Hapo mkwe akacheka, kwa mara ya kwanza nyumbani kwangu. Amesema atarudi Jumapili, maana chai yangu inaushinda utangazaji wangu. Nimefurahi, sitaficha.

Msinicheke. Kitambaa bado kiko pale pale, na nyinyi mnaojua sana, njooni mkiondoe.