Jinsi Nilivyowafundisha Wakwe Kula Sushi

Jumatatu, tarehe 4

Binti yangu kitindamimba kaleta habari. Jumamosi tunakutana na wakwe. Si nyumbani. Si ukumbini. Kwenye mgahawa wa Kijapani, ule uliofunguliwa karibu na duka la dawa, kwa sababu mchumba wake anapapenda. Wanauza samaki wabichi! Watu wana mkaa, wana gesi, na bado wanakula wabichi.

Sikuonyesha kitu. Nikasema vizuri sana, chakula hicho mimi nimekila kabla hamjazaliwa. Nikawakumbusha kwamba nilijenga daraja na mhandisi wa Kijapani miaka miwili, tukila sahani moja. (Zilikuwa siku arobaini. Mhandisi nilimwona mara mbili, na mara ya pili alikuwa ndani ya gari.)

Mdogo wangu alikuwepo, yule tunayemwita Profesa kwa ajili ya miwani. Akacheka kwa pua. Akasema kaka, wewe hata wali ukiwa na kiini unaurudisha jikoni, utamweza samaki asiyejua moto? Wote wakakumbuka harusi ya binti yangu mkubwa, nilipogombana na mpishi juu ya wali mpaka nikatolewa nje. Siku ile Profesa ndiye aliyesimama kumsemea mwanangu. Akasema kama karani anasoma hati. Mimi nilisikilizia dirishani.

Binti akasema kwa upole, na upole wake ndio unaouma, kwamba baba, safari hii ukizusha jambo, baba mdogo atatusemea tena. Nikakubali. Ningefanyaje? Lakini huyu ndiye wa mwisho. Sina binti mwingine wa kumsemea. Nitamla huyo samaki hata akiwa bado anapumua.

Jumanne, tarehe 5

Mazoezi ya vijiti. Nimekata njiti mbili za ufagio. Fundi mwashi wa miaka thelathini na minane kazini ashindwe na njiti! Mkono huu umeshika mwiko, umeshika timazi, umeshika pima maji. Nikaanza na maharage. La kwanza likaruka dirishani. La pili likatua kwenye chai ya mke wangu. La tatu likamwingia mwenyewe shingoni. Akauliza kama narudi utotoni au ndio naaga. Nikamwambia asiingilie kazi za ufundi.

Mpaka adhuhuri nimeinua maharage matano. Mawili kwa kidole, lakini hakuna aliyeona.

Jumatano, tarehe 6

Nimekwenda kupeleleza. Peke yangu, shati limenyooshwa. Kuingia tu, watu watatu nyuma ya kaunta wakanipigia kelele kwa pamoja! Nikainua mkongojo. Sipigwi bure mimi! Mhudumu, binti wa aproni nyeusi, akaja mbio kunieleza kwamba babu, tulia, hiyo ndiyo karibu yetu. Karibu gani hiyo ya kufukuzia mwizi? Haya, nikawarudishia, kwa sauti kubwa kuliko yao. Mteja mmoja akaangusha bakuli.

Ndani kuna mkanda unaotembea wenyewe. Umebeba visahani, unampitia kila mtu. Wali umefinyangwa kama tofali la mtoto, juu yake kalazwa samaki. Sasa mimi nimelelewa. Chakula cha watu kikipita unachukua kidogo, unawaachia wenzako. Nikachukua kipande kimoja, kisahani nikakirudisha mkandani. Kikaja kingine. Kipande kimoja, nikarudisha. Visahani saba! Wateja walioketi mbele kidogo wakawa wanapokea kipande kimoja kimoja, wanatazama tu. Nikawapungia mkono: kuleni, kuleni, msinijali.

Mhudumu akaja tena. Akasema babu, ukishakigusa ni chako chote. Akavikusanya vyote saba, akavipanga mbele yangu kama mashahidi. Nikamuuliza kama hapa kwao mtu hula peke yake kama paka. Akasema ndiyo. Bila haya!

Nikamaliza vyote, maana sitaki kuambiwa nimemwaga chakula. Ladha? Kama kutafuna ulimi wa mtu mwingine. Kile kidonge cha kijani walichokiweka kando ya samaki, kikali kuliko pilipili, sikisemi. Machozi yale yalikuwa ya furaha.

Alhamisi, tarehe 7

Akili imefanya kazi. Nimezungukia mlango wa nyuma, nikamwita mpishi. Kumbe si Mjapani hata kidogo! Mtu wetu kabisa. Baba yake nilimjengea choo, na choo kinasimama mpaka leo kuliko hata nyumba. Yeye kajifunga kitambaa cheupe kichwani na kisu mkononi, utadhani mtu wa maana.

Nikampa mpango. Jumamosi, nikijikuna sikio, samaki wangu ampitishe kwenye mafuta ya moto, kidogo tu, kisha amrudishie sura ya ubichi. Akacheka sana. Akasema mzee wangu, mbona vilivyopikwa vipo? Yai lipo, kamba waliochemshwa wapo, agiza tu hivyo, nani atakuuliza? Agiza tu! Nikae mbele ya Profesa niagize yai kama mtoto anayeota meno? Nikakataa katakata.

Nikautazama wali wake. Nikamwambia mchanganyiko huu hauna nguvu, tofali hili halibebi hata mbu. Akajibu kwamba aliosha mchele miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kugusa samaki. Nikamwambia kwangu miaka miwili mtu kashapaua ghorofa. Tukaachana vizuri. Mlango aliufunga mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 8

Maharage tisa.

Profesa kapita na simu yake. Amesoma yote juu ya sushi, vijiti, mchuzi, kila kitu. Akasema kaka, kaa nikufundishe dakika kumi, kwa heshima ya familia. Nikamwambia heri nitafune kiatu.

Jioni binti akaja kuninyooshea koti la kesho.  Akanyoosha kola mara tatu.

Jumamosi, tarehe 9

Naandika nikiwa nimelowa mchuzi. Nianze mwanzo.

Chumba cha nyuma. Viatu mlangoni. Meza fupi, makalio kwenye mto sakafuni. Mkwe, babake mchumba, mtu mnene, hasemi, hacheki. Mkewe kanyooka kama nguzo. Binti akaninong'oneza kwamba wazee hawa bado hawajakubali sawasawa, leo ndio wanatupima. 

Profesa akaona kapata pa kuchezea. Akawatangazia kwamba kaka yangu hapa ni bingwa wa mambo ya Kijapani, atatuongoza. Mjinga! Wote wakanigeukia. Hapo hapo mhudumu akaweka vitambaa vyeupe vimeviringishwa, vinafuka mvuke. Mkwe akakitazama chake. Akanitazama mimi.

Nikamkumbuka mpishi. Nikakikunjua kitambaa, nikajifunga kichwani. Moto! Ubongo ukatokota! Nikasema kwa utulivu kwamba mhandisi wangu hakuwahi kuonja samaki bila kitambaa kichwani. Ni heshima kwa samaki marehemu.

Mkwe akafunga. Mkewe akafunga cha kwake juu ya kilemba. Mke wangu akafunga huku akinitazama kwa lile jicho la tutaonana nyumbani. Mchumba bila shaka alijua, lakini nani humsahihisha mkwe siku ya kupimwa? Akafunga. Profesa akapekua simu chini ya meza, hakukuta habari za vitambaa, akafunga naye, tena akaongeza kwamba jambo hili hata yeye alilisoma mahali. Binti peke yake alikuwa kaufunika uso.

Mhudumu akarudi na sahani, akakuta vichwa sita vinafuka moshi. Akasimama. Akasema pole pole kwamba samahani wazee wangu, hivyo ni vya kupangusia mikono.

 Mkwe hakutikisika. Nikaona posa inaelekea mlangoni kuvaa viatu. Binti hakunikemea. Alikuwa anatazama meza tu, na hapo nikaumia kweli. Profesa akavua chake haraka, akasimama, akakohoa, akaanza kuomba radhi kwa niaba ya familia. Kwa niaba ya familia! Nikasema hapana, si mara ya pili. Nikainuka kumwahi. Miguu imekufa! Ganzi mpaka kiunoni! Nikashika kilicho karibu, kikawa ni koti la Profesa. Tukaenda wote. Miwani yake ikatua kwenye bakuli la mchuzi wa soya, mimi nikatua juu ya sahani.

Ndipo nikasikia kitu kama jenereta inawashwa. Mkwe. Mabega yanamtikisika. Nikadhani kapaliwa. Kumbe anacheka! Mkewe naye kaegemea ukuta, anaomba aachwe apumue. Mkwe akajipangusa macho kwa kitambaa kile kile. Akasema wiki nzima hakuwa na raha kwa kuwaza atakavyoaibika mbele ya wasomi, maana vijiti hajui hata huanzia upande gani, na leo ndio anapumua. Profesa alipofungua mdomo aendelee, mkwe akamwambia ndugu yangu keti, mtoto asemewe na aliyemzaa.

Nikasema nikiwa nimelala ubavu, kwa kuwa miguu haijarudi. Hotuba niliyoiandaa ilikuwa ndefu. Yote ikayeyuka. Nikasema tu kwamba mtoto huyu alikuwa akinipandishia maji ya kunywa juu ya jukwaa la ujenzi, ngazi kumi na mbili, na hakuwahi kumwaga hata tone. Basi na ninyi msimmwage.

Binti akanitazama. Mkwe akasema imekwisha, harusi ipo.

Nikala vipande vinne. Kwa mkono. Hata mkwe.

Jumapili, tarehe 10

Kama nilivyopanga! Mke wangu anasema ni bahati. Mwanamke hajui mikakati. Kama si mimi kuwafunga wakwe vitambaa, nani angecheka? Kama hawakucheka, nani angekubali? Hesabu iko wazi. Mgahawani nitarudi kumweleza yule mhudumu ajue kuwa sasa vitambaa ni vya kichwani.

Profesa hajaonekana. Miwani yake imebaki kwangu, inanukia mchuzi.

Saa nne mkwe kapiga simu. Tayari ananiita ndugu. Akasema kwenye harusi wanataka tarumbeta, lakini mpigaji wao kahama mji, je, namjua mtu? Nikamwambia unaongea naye. Akafurahi! Tarumbeta nimewahi kuliona kwa karibu mara moja, likiwa ndani ya begi lake. Lakini mdomo ni mdomo, pumzi ni pumzi, na zimebaki wiki tatu nzima.

Nimeanza na mpira wa kumwagilia bustani. Sauti imetoka vizuri sana. Jirani kaja mbio kuuliza ng'ombe wetu kapatwa na nini. Hatufugi ng'ombe.

Wivu huo!